Neno la Ijumaa Niliyostaafu

Siku ya kwanza kazini nilichomekea shati mpaka nikashindwa kuinama. Mwalimu wa Taaluma alivuta droo, akanikabidhi kitendea kazi: kibao cha mninga, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani.

"Kuanzia leo wewe ni kiranja wa lugha. Sitaki kusikia Kiswahili ndani ya uzio huu. Umenielewa?"

Yote hayo aliyasema kwa Kiswahili, nami sikuthubutu kumvika kibao.

Nyinyi wa kidato cha kwanza mliokuta mambo laini, ngoja niwaeleze tulivyofanya kazi enzi hizo, yaani mwaka jana. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Nilishatumikia ufutaji ubao, kisha upigaji kengele, lakini hakuna cheo kilichonikolea kama hiki. Anayeongea Kiswahili anavikwa kibao shingoni, anatembea nacho mpaka amnase mwingine. Kengele ya mwisho ikikukuta nacho, tulisema umelala nacho, na asubuhi vyoo vyako.

Nilikuwa na mbinu zangu. Namkanyaga mtu kidole kwa bahati mbaya ya makusudi. Akipiga yowe, "Mama!", nakitoa kibao. "Mama ni Kiswahili, ndugu yangu."

Kazi yangu ya pili ilikuwa neno la wiki. Jumatatu Mwalimu wa Taaluma anaandika neno gumu la Kiingereza kwenye ubao wa nje ya ofisi; Ijumaa, mbele ya paredi, nalieleza maana na matumizi. Wiki yangu ya mwisho kazini aliandika "callous".

"Ndiyo kusema katili, mwalimu?"

"Katili ni 'cruel'. Katili anataka uumie. Huyu wa 'callous' hana hata haja hiyo. Anaona unaumia, anapita zake. Unalitumia kwa mtu au kwa tendo lake. Na mfano uwe wa hapa hapa shuleni, sitaki simba wala Firauni."

Nikapanga kumtumia mpishi na ugali wake wa kuungua.

Jumanne ilikuwa zamu ya kufagia uwanja. Vumbi lilipanda mpaka hatukuiona barabara ya Nangurukuru. Nami nimesimama njia panda ya madarasa, hapiti mtu bila ruhusa, na ruhusa inaombwa kwa Kiingereza. Akaja Zuhura wa kidato cha kwanza, mtoto wa Rutamba, ambaye kwao wanaongea Kimwera. Alikuwa amelala na kibao siku nne mfululizo, siku ya tano akaacha kuongea kabisa.

"Kaka, naomba..." alijikaza kusema.

Nikainua kibao, nikakibembeza mbele ya pua yake. Wenzangu wakacheka.

Akafumba mdomo. Akaweka mkono kifuani, akanyoosha kidole darasani. Niliuona ule mkono. Niliona na mabega yanavyopanda na kushuka.

"Inglishi, dada," nikamwambia. "Hapa siyo kwa bibi yako."

Akarudi kwenye mstari, akashika fagio. Alifagia hatua tatu, akaanguka.

Rafiki yake ndiye aliyepiga kelele: "Pumu! Dawa yake ya kuvuta iko kwenye begi! Begi la bluu!" Kwa Kiswahili kitupu. Nilikimbia sijui nimeruka madawati mangapi. Niliporudi midomo ya Zuhura ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Matroni akamwekea kichupa mdomoni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Sisi wote tuliacha kupumua, kana kwamba tunamwachia hewa yetu.

Akakohoa.

Zahanatini, nesi aliniuliza, "Hakukwambia?"

"Alitaka kuniambia."

"Ukafanyaje?"

Kibao kilikuwa bado mkononi.

Ijumaa Zuhura alikuwepo paredini, mstari wa mbele. Nikapanda jukwaani, nikatamka neno, kisha nikaendelea kwa Kiswahili.

"Maana yake ni mtu anayeona mwenzake anaumia, asijali. Mfano: Jumanne niliona Zuhura anakosa pumzi, nikamwambia aombe kwa Kiingereza."

"Rudia kwa Kiingereza!" Mwalimu wa Taaluma alinguruma.

"Siwezi, mwalimu. Niliyemkosea hatanielewa."

Nikajivika kibao mwenyewe, nikashuka.

Nililala nacho, nikaosha vyoo wiki nzima, na tangu hapo naomba mlenge vizuri. Halafu Mkuu wa Shule alikichukua. Sasa kiko chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikiyumba, na meza imetulia. Kumbe kilikuwa na kazi yake halali.

Watu huniuliza kama nimekumbuka madaraka. Ninachokumbuka ni Jumatatu ile baada ya kustaafu. Nilimfuata Zuhura bombani, nikamwomba radhi kwa Kiingereza changu chote, kile cha kuvutia wageni. Alinitazama tu, ndoo inajaa.

"Nisamehe, dada."

Akafunga bomba.

"Kumbe Kiswahili unakijua," akasema.