Barua za Mageni kwa Mama Yake

Vita vilipoanza Kagera, Bujiku alichukuliwa kutoka Geita, akapelekwa mafunzoni katika kambi moja nje ya mji wa Shinyanga. Alikuwa amemaliza darasa la saba, mwandiko wake safi, basi kila Jumapili makuruta wasiojua kuandika walimpangia foleni. Barua zote, za kutoka na za kuingia, zilisomwa kwanza na Sajini Kalisti.

Aliyewahi foleni siku zote alikuwa Mageni, mkulima wa Mhunze, aliyemwacha mama yake na dada mmoja, Euphrasia.

Wiki ya tano sajini alimwita Bujiku, akamwonyesha barua ya Euphrasia. Mama alikwisha kuzikwa.

"Wewe ndiye msomaji wake, ndiyo maana nakuambia," sajini alisema. "Kuruta wa mwisho kupata msiba alitoroka, tukamrudisha kamba mikononi. Huyu ataambiwa mafunzo yakiisha. Akijua kabla, nitajua nani kamwambia."

"Ndiyo, afande."

Jumapili Mageni alikaa mbele yake juu ya ndoo. "Andika: Mayu, mama yangu, shikamoo. Mimi ni mzima, wasiwasi ni kwako. Mguu unaendeleaje? Usilime peke yako."

Bujiku akaandika. Akaandika na Jumapili ya pili, na ya tatu. Akimtazama Mageni anaona haya, akimkwepa anaulizwa, "Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

Jumapili ya nne Mageni alisema, "Mwambie nikirudi nitamnunulia khanga."

Bujiku akaweka kalamu chini. "Siwezi."

"Wino umekwisha?"

"Mama hayupo, Mageni. Ana mwezi kaburini."

Mageni aliitazama karatasi. "Na zile barua?"

"Niliandika nikijua."

Mageni aliinuka, akaenda moja kwa moja kuomba ruhusa ya siku tatu. Akanyimwa, akawekewa mlinzi. Bujiku alitambaa kwa viwiko kuzunguka uwanja mpaka ngozi ikachubuka, na kalamu akanyang'anywa.

Hawakusemezana tena mpaka siku ya malori ya kwenda mpakani. Walibanwa bega kwa bega, bunduki magotini, hakuna pa kugeukia.

"Ungeniambia siku ile ile," Mageni alisema, "ningetoroka."

Bujiku hakujua kama hiyo ni shukrani au lawama. Alitaka kuuliza, lakini lori lilikwisha kuondoka, na vumbi likawafanya wote wafumbe midomo.