Pumzi ya Kumrudishia Doto

Nilipokuwa mtoto, kule milimani juu ya Mazinde, niliitwa mwizi kabla sijajua kuiba hata sukari. Mimi ndiye Kulwa. Pacha wangu, Doto, alichelewa kukaa, akachelewa kusema, na hata tulipofikia umri wa shule hakuweza kufunga kifungo. Bibi, mama yake baba, alikuwa na jibu: pacha anayetangulia akiwa mlafi, humla mwenzake akili tumboni.

Basi kila asubuhi alinisimamisha mbele ya Doto nimpulizie utosini.

"Mrudishie mwenzio," alisema. "Zote za nini wewe?"

Nilimwonea Doto wivu. Yai lilikuwa lake. Plamu za kwanza zilikuwa zake. Jioni tukiota moto, mapaja ya mama yalikuwa yake, na mimi mwenye akili za watu wawili nilikaa kwenye kigoda nikimenya viazi. Kwa hiyo nilipuliza hadi nikaona kizunguzungu. Majirani wakanisifu kwa huruma. Huruma gani! Nilitaka apone, aondoke pale mapajani, nikae mimi.

Muhula ule nikaanguka hesabu. Bibi akapiga kigelegele: akili zimeanza kuhama. Nikamkazia macho Doto nikingoja afunge kifungo. Akacheka tu, akanimegea yai lake. Nililila kwa hasira.

Kesho yake, tukipalilia kabichi, nikamuuliza mama: "Kama nimemrudishia, mbona bado?"

Mama alitazama kwanza kule nyumbani, kisha akashusha sauti.

"Wewe ulizaliwa alfajiri. Doto akakwama. Nikaomba nipelekwe hospitali, bibi yako akasema tusubiri, pacha wa pili huwa mvivu. Waliponibeba kwa machela jua linazama, na mvua imekata barabara. Alizaliwa hana sauti, kichwa kimekosa pumzi. Na mimi mwenyewe nilikuwa mtoto, nyonga hazijakomaa. Utamlaje mwenzio, nawe umeshafungwa kanga kwa jirani?"

"Mbona humwambii Bibi?"

"Mkwe hakanushwi, mwanangu."

Bibi alikufa hajaniomba radhi. Simchukii. Alihitaji mwizi, na mimi nilikuwa karibu. Leo nikisikia binti mdogo kaolewa mbali na barabara, na mkubwa wa nyumba hapingwi, najua mlaji wa akili anakaa wapi.

Wivu ndio haujaniisha. Juzi nilipanda kwa bodaboda, nikampa mama shikamoo, mzigo ungali mgongoni.

"Marahaba. Doto umemletea nini?"

Moyo ukanichoma vilevile, mtu mzima mimi. Doto, ndevu zimeanza mvi, alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa mama. Nadhani mama aliuona uso wangu, maana alimsogeza kidogo.

"Njoo na wewe. Pametosha."

Nikalaza kichwa. Doto akainuka, akanitazama sana, kisha akainama akanipulizia utosini.