Nyuzi Nyeusi Katika Makohozi

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na barua ilikwisha kufika: niende Mbeya kuanza kufundisha shule zikifunguliwa, nikiwa na cheti cha afya. Wiki ileile nikashikwa na kichomi. Nikabaki Iringa kwa bibi yangu, nikienda hospitali ya misheni kila asubuhi kuchomwa sindano ya penisilini.

Homa ilishuka siku ya tatu. Kikohozi kikagoma. Makohozi yalikuwa ya kijani, kisha ya njano, kisha yakaingia nyuzi nyeusi. Nyuzi nyeusi! Nikaamini pafu linaoza. Niliyatema kwenye kopo la dawa ya viatu nikampelekea dresa aliyekuwa akinichoma sindano.

"Mwalimu," alinipokea, "leo umeniletea rangi gani?"

"Nyeusi. Ni kifua kikuu, sivyo? Niambie tu, nijue kazi imekwenda."

"Unakitamani? Tumeyapima makohozi yako kwa darubini siku tatu, hakimo." Akalisogeza kopo dirishani. "Kijani kile ni uchafu wa kichomi, unatoka. Lakini weusi huu... Unalala wapi?"

"Jikoni, kando ya moto."

Alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Masizi hayo, Mwalimu!"

Kwetu mgonjwa wa kifua hulazwa jikoni karibu na mafiga, na bibi alichochea kuni mbichi bila kuchoka ili baridi ya Julai isinipate. Nami niliyefaulu somo la afya nilikuwa nimelala pale, nikivuta moshi na kushukuru.

Bibi alipoambiwa alinuna. "Moshi huu umemlea baba yako. Ulimuua?"

"Hapana, Bibi."

"Haya, hamia kwenye baridi. Ukifa usiniite."

Nikahamia chumba cha mbele. Baadaye akaja kunitupia blanketi lake mwenyewe.

Siku ya nne tangu nihame jikoni nikatema: meupe! Nilipiga yowe, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Dresa alinimalizia sindano, akanipimisha tena, akaniletea cheti kilichosainiwa. "Kikohozi kinaweza kukaa wiki kadhaa. Usishtuke."

"Kikikaa wiki nane?"

"Nenda hospitali ya huko ukawasumbue wao!"

Kesho yake nilikuwa ndani ya basi la Mbeya, nikikohoa na kucheka peke yangu, nikipapasa cheti mfukoni kila tuliposimama.