Meno ya Ukumbi wa Pili

Kiwanda kikitaka kuuzwa, kwanza hupakwa rangi. Ndivyo Bi Spana alivyojua kwamba minong'ono ya kwenye foleni ya maji haikuwa umbea mtupu. Alifika kazini asubuhi akakuta vibarua wamepanda ngazi, wanapaka rangi nyeupe ukuta wa mbele, ukuta ambao kwa miaka haukupata hata maji ya kuoshwa. Wa nyuma hawakuugusa. Mgeni haji kwa nyuma.

Kilikuwa kiwanda cha serikali cha mablanketi, na Bi Spana alikuwa fundi wa mitambo, mwanamke pekee katika karakana nzima. Aliingia pale akiwa mfagiaji. Fundi mkuu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa mvivu wa kuinama, akamzoesha mfagiaji wake kumpokeza vyombo. Kumpokeza kukazaa kufungua, kufungua kukazaa kufunga, na mzee alipostaafu hakuna aliyekumbuka kwamba mama huyu aliajiriwa kushika ufagio. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Spana ilikaa mfuko wa kulia wa ovaroli, na watu walimtania kwamba hata msibani anakwenda nayo.

Mumewe alikuwa karani wa benki ya serikali, mpaka wakubwa walipoamua kulegeza masharti ya fedha. Benki ikapata wenyewe wapya kutoka nje, wenyewe wapya wakaleta kompyuta, na karani akarudi nyumbani na bahasha na saa ya ukutani. Tangu hapo kazi yake ikawa kusoma magazeti na kuufafanulia mtaa mambo ya uchumi, bure bila malipo.

"Wamefungua mlango," alikuwa akisema. "Mlango ukifunguliwa, hewa inaingia. Na nzi nao wanaingia."

"Na sisi ni nani hapo, hewa au nzi?" Bi Spana alimuuliza siku moja.

"Sisi ndio chumba, mke wangu."

Katika nyumba hiyo alikuwemo pia mkwe wao, mjane wa mtoto wao wa pekee, pamoja na binti yake mdogo. Mkwe alikuwa mfumaji katika ukumbi wa pili wa kiwanda kilekile. Bi Spana ndiye aliyembembelezea nafasi hiyo, tena kwa kung'ang'ania mlango wa ofisi mpaka wakamchoka. Walikwenda kazini pamoja na kurudi pamoja, wakichekeshana njia nzima, na mtaani wanawake walisema hawajawahi kuona mkwe na mavyaa wakipendana namna ile, lazima kuna dawa.

Sasa, ukumbi wa pili ulikuwa na siri, ingawa ni siri iliyojulikana na kila mtu aliyekula mshahara pale. Kila mashine ya kufuma ilikuwa na gia ndogo nyuma yake, na gia hizo zilikuwa zimelika na kuvunjika mwaka baada ya mwaka, na fedha za kigeni za kuagizia nyingine hazikupatikana. Wafanyakazi waliziita meno. Mashine isiyo na gia waliiita kibogoyo. Mafundi walikuwa wanang'oa meno huku na kuyapachika kule, mpaka yaliyobaki yakatosha ukumbi mmoja tu. Basi yakawa yanahama. Wiki hii yako ukumbi wa kwanza, wiki ijayo wa pili, na wale ambao mashine zao ni vibogoyo wanafagia, wanakunja mablanketi, wanasubiri zamu yao ya kutafuna. Waliishi hivyo, na kwa kweli waliona wanaishi kwa akili sana.

Meneja aliwaita mafundi karakana, akafunga mlango mwenyewe.

"Wawekezaji wanakuja Alhamisi," alisema. "Wanapita kumbi zote mbili. Wakikuta nusu ya kiwanda imekufa, watafanya kama walivyofanya kiwanda cha ngozi."

Hakuhitaji kuendelea. Kiwanda cha ngozi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Wageni walikuja pale, wakaona mitambo imeota kutu, wakashukuru kwa soda, wakaondoka. Sasa mbuzi walikuwa wanalala kwenye ofisi ya mhasibu, na wanaume waliofanya kazi mle walishinda wamekaa ukutani wakitazama mablanketi ya wenzao yakipakiwa.

Bi Spana alimfikiria mkwe wake akikaa kwenye ukuta ule.

"Tunahamisha meno," akasema. "Wakishaona ukumbi wa kwanza, wapeleke wakanywe chai. Uwape chai ndefu. Wakitoka, watakuta wa pili unazunguka."

Meneja alimtazama kama mtu aliyeokota riziki njiani. Mafundi wakaanza kucheka, kisha kugawana mashine. Bi Spana alitoka mle kichwa juu, na sitaficha: alijiona shujaa.

Alhamisi wageni wakaja. Walipita ukumbi wa kwanza polepole mno, wakiinama kwenye kila mashine. Aliyekuwa mbele yao ni mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kazi, mhandisi wao. Alikuwa akiongea Kiswahili chake mwenyewe, kisafi kama nguo ya dukani ambayo bado haijavaliwa. Walipoingia chumba cha chai, mashine zikazimwa na mafundi wakazirukia. Kazi waliyozoea kuifanya kwa kutwa nzima, huku wakipiga soga, sasa ilitakiwa iishe kabla birika halijapoa. Spana ziliteleza kwa jasho. Mmoja alijikata kidole akakifunga kwa uzi wa blanketi, akaendelea.

Bi Spana alijaza ndoo ya meno, akaifunika kwa matambara, akatoka nayo mbio kwenye korido. Alipokata kona akakutana uso kwa uso na mhandisi, peke yake.

"Mimi si mtu wa chai," mhandisi alisema, akitabasamu. "Habari ya kazi, mama?"

"Nzuri."

"Umebeba nini?"

"Matambara."

Ndoo ilikuwa nzito kama mtoto mkubwa, na ilimbidi aishike kama vile ina matambara kweli. Tone la oili lilidondoka sakafuni, kisha jingine. Mhandisi aliliona la kwanza na la pili. Akasogea karibu na kushusha sauti.

"Nataka nikuulize wewe, si meneja. Mashine za ukumbi wa pili zinafanya kazi?"

"Zinafanya."

"Zote?"

Bi Spana alimtazama machoni. Yalikuwa macho ya mtu anayetaka jibu, si ya mtu anayetega, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Lakini wakati ule hakuona macho, aliona mbuzi kwenye ofisi ya mhasibu.

"Kama kuna zilizokufa, si aibu," mhandisi alisema tena. "Mimi si polisi."

"Zote, mama. Maliza matembezi yako uje ujionee."

Mhandisi alitikisa kichwa taratibu, akarudi alikotoka. Bi Spana alisimama mpaka alipousikia mlango ukifungwa, kisha akakimbia, ndoo ikimgonga mguu.

Ukumbi wa pili walifunga meno kwa mikono iliyochanganyikiwa. Mashine ya mwisho ilikuwa ya mkwe. Bi Spana alikuwa amelala chini yake, nati ya gia ikigoma kukaa kwenye njia yake, aliposikia sauti ya meneja mlangoni, kubwa kuliko kawaida, ikisema karibuni, karibuni sana.

"Mama, toka," mkwe alinong'ona.

"Haijakaza."

"Toka, mama. Nitasimama hapa."

Alitambaa akatokea upande wa pili, nyuma ya marobota ya nyuzi. Mkwe akawasha mashine. Gia isiyokazwa, mashine ikienda kasi, inaweza kuchomoka na kuvunja mfupa wa mtu, na mkwe alilijua hilo. Akasimama mbele yake hivyohivyo, mgongo umeiziba, huku akiwachekea wageni. Bi Spana alikaa nyuma ya marobota akisikiliza sauti moja tu katika ule mngurumo wote, ile nati ikilialia. Aliomba Mungu kwa maneno ambayo hakuyapanga. Wageni wakapita. Mhandisi alisimama kidogo mbele ya mkwe, akaitazama mashine, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, mkwe alizima mashine na kukaa sakafuni. Walikumbatiana pale chini, wakacheka mpaka wakalia.

Kiwanda kikanunuliwa. Kabla ya hapo walikuja wakaguzi wakahesabu mashine, na hesabu ilikuwa sawasawa, kwa sababu mashine zote zilikuwepo. Kibogoyo akifunga mdomo hana tofauti na mwenye meno. Mume wa Bi Spana alinunua gazeti lenye picha ya watu wakipeana mikono, akalisoma barazani kwa sauti. Lilisema mtaji umeingia na uchumi utakua. "Hewa hiyo," akawaambia majirani, na safari hii hakutaja nzi.

Na hewa iliingia kweli, mwenye macho alikiri. Ilijengwa sehemu mpya ya kutia rangi nyuzi, likanunuliwa jenereta, malori mapya yakaja, mishahara ikaanza kutoka kwa wakati. Kisha likaja agizo: kumbi zote mbili zifume kwa wakati mmoja, kila siku.

Mafundi walitazamana. Siku za kwanza walidanganya kwa kuhamisha meno wakati wa chakula. Kisha meno yenyewe, yaliyochoshwa na mwendo huo, yakaanza kuvunjika. Ukumbi wa pili ukawa unatoa blanketi mojamoja kama kuku anayetaga kwa hasira. Wasimamizi wapya walisema wafumaji wake ni wavivu. Walikatwa posho, wakapewa barua za onyo. Mkwe alirudi nyumbani na yake, akaiweka chini ya godoro, na kwa mara ya kwanza walitembea njia nzima bila kuongea.

Asubuhi iliyofuata Bi Spana alijaza ndoo meno yote yaliyovunjika, akapanda nayo ngazi za ofisi. Safari hii hakuifunika. Mhandisi alikuwa mezani kwake, maana sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa uzalishaji. Bi Spana aliweka ndoo mbele yake.

"Wale wafumaji si wavivu," alisema. "Mashine zao ni mbovu. Zilikuwa mbovu tangu siku ile. Tuliwahamishia meno mkiwa kwenye chai."

Mhandisi alichukua gia moja, akaigeuzageuza. Hakuonekana kushangaa sana, na hakupandisha sauti. Bi Spana angependa apandishe.

"Mimi nilikuuliza, mama," alisema.

"Uliniuliza."

"Unajua kwa nini nilikuuliza? Tulikuja na fedha za mashine mpya za ukumbi mmoja. Tulijua kiwanda cha umri huu hakiwezi kuwa kizima. Nikakuta zote zinazunguka. Wakubwa wangu wakasema kama mashine ni nzima, fedha ziende kwenye rangi na malori." Aliirudisha gia kwenye ndoo, polepole. "Zikaenda."

"Haziwezi kurudi?"

"Haziwezi. Nitaomba nyingine. Watakataa, lakini nitaomba."

Walikataa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Bi Spana alikuwa akiusema msemo huo tangu utotoni, akiwaambia wengine. Tangazo lilibandikwa getini: ukumbi wa pili unafungwa, mashine zitauzwa kwa bei ya vyuma chakavu, wafumaji wake wapokee haki zao. Meno machache yaliyobaki yahamishiwe ukumbi wa kwanza, na fundi wa kuyatunza abaki kazini, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua mitambo ile mizee kama yeye. Fundi huyo ni Bi Spana. Walimwongeza na mshahara.

Jioni hiyo alimkuta mkwe jikoni, anachambua mchele. Ovaroli yake ilikuwa imefuliwa na kukunjwa kwenye kiti, tayari kurudishwa. Mtoto alikuwa anacheza sakafuni. Bi Spana alisimama mlangoni, akamweleza kila kitu: korido, ndoo, oili iliyodondoka, na swali aliloulizwa. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe.

Mkwe alisikiliza huku vidole vikiendelea kutafuta mawe kwenye ungo.

"Alikuambia si aibu?"

"Alisema yeye si polisi."

"Na wewe ukasema zote."

"Nikasema zote, mwanangu. Nilikuwa nakufikiria wewe."

Mkwe alitupa jiwe dirishani, akapepeta ungo.

"Hata mimi ningesema hivyohivyo, mama," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe.

Bi Spana alitamani kama angetukanwa. Alivua ovaroli yake, akaikunja, akaiweka juu ya ile nyingine. Kisha akakumbuka kwamba yake ataihitaji kesho, akaichukua tena.

Asubuhi alitembea peke yake. Kiwandani aliingia ukumbi wa pili, uliokuwa kimya, akalala chini ya mashine ya mkwe ili ang'oe gia yake. Nati aliikuta imekazwa sana. Mkwe mwenyewe aliikaza, bila shaka, kama alivyofanya kila gia iliporudishwa tangu siku ile ya wageni, na Bi Spana alihangaika nayo mpaka ilipolegea.