Kitambaa cha Njano Kwenye Ua wa Landhi

Enzi zetu, na msinicheke kwa kusema enzi zetu nikiwa bado na meno yote na mtoto wa kwanza mgongoni, homa ilikuwa ikija kwa treni. Ndivyo tulivyoamini sisi watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa relwe pale Nakuru. Ilisemekana imetoka ng'ambo, ikashuka Mombasa, ikakata tikiti kama abiria mwingine yeyote. Ninyi mliokuwa darasa la tatu mwaka ule mtakumbuka. Mwalimu wetu alipiga chafya mara saba mbele ya ubao, sisi tukamhesabia kwa sauti, akatuchapa sote, kisha akaenda kulala wiki mbili. Shule ikafungwa. Tulishangilia siku moja tu, maana siku ya pili landhi nayo ilifungwa.

Dresa wa relwe, yule mgawa dawa, mtu mwembamba mwenye kofia ya kaki, alisimama karibu na bomba letu la maji akasema hakuna kutoka wala kuingia mpaka homa iishe. Wanaume waliokuwa safarini wangelala kule shedi ya injini. Baba yangu alikuwa fayaman wa treni ya Kisumu, yule anayeangalia moto na maji ya injini, kwa hiyo akabaki nje ya ua na sisi tukabaki ndani. Dresa akamalizia, "Na kusalimiana kwa mkono, basi!" Jamani! Kuwaambia akina mama wa Kibukusu na Kimaragoli wasishikane mikono ni kama kumwambia jogoo anong'one. Jirani yetu Mama Rispa alivumilia mpaka saa sita. Kisha nikamwona yeye na mwenzake wameshika mwiko mmoja, huyu ncha hii na yule ncha ile, wanautikisa juu na chini wakiulizana habari za watoto, za ng'ombe waliobaki kwao na za mvua. Kufikia jioni kila nyumba ilikuwa na mwiko wake wa salamu, na ole wako uusongee ugali.

Tulicheza nini? Kila kitu. Tulitengeneza treni kwa mikebe, tukaruka kamba ya katani, tukapigana kwa mipira ya matambara mpaka vumbi la Nakuru likatufanya sote kabila moja. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya magadi. Chakula kilikuwa uji asubuhi, na ugali kwa sukuma jioni, na kabla ya kula Mama alikuwa na sheria yake. Kila mtu ashukuru jambo moja, na asirudie la jana. "Mwenye kungoja bila kushukuru," alisema, "njaa humfika kabla ya chakula." Siku za kwanza ilikuwa rahisi. Wiki ya pili kaka yangu Wekesa alishukuru kwamba kiroboto wa blanketi letu amehamia upande wangu. Mama akasema amina, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Halafu Mama mwenyewe akaanguka.

Alitetemeka chini ya mablanketi mawili na koti la Baba. Dresa akaleta vidonge, akasema anywe maji mengi. Nyumba ya nne kutoka kwetu mzee mmoja alikuwa ametolewa amefunikwa shuka, na hilo tulilijua, ingawa hakuna aliyetuambia. Baba alikuja akasimama nje ya ua wa miiba, hatua kumi hivi, kofia mkononi. "Nafula, wewe ndiye macho yangu," akaniambia. "Treni ikipita hapa saa nane, simama uani. Mama akiwa bado, peperusha kile kitambaa cheupe cha mfuko wa unga. Akipona, peperusha kitambaa chake cha njano cha kichwani. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Usinifiche."

Nilipeperusha cheupe mara tatu. Treni ilikuwa ikipita siku moja, siku ya pili haipiti, na kila nikiinua kile cheupe Baba aliinua mkono polepole kama mtu aliyebeba gunia, kisha injini ikaendelea kukohoa kuelekea Njoro. Mara ya nne sikuweza. Nilikuwa mtoto wa ndoto nyingi, wenzangu wanajua, na asubuhi ile Mama alikuwa amefungua jicho akaniuliza kama nimekula. Nikajiambia, kufikia jioni atakuwa amepona, na huu si uongo, ni habari iliyofika mapema kidogo. Nikapeperusha cha njano.

Loo! Baba alivuta kamba ya firimbi, au sijui dereva alimwachia, lakini ile injini ilipiga kelele kuanzia uani kwetu mpaka ikapotea nyuma ya miti. Landhi nzima ikatoka, maana habari ya vitambaa vyetu kila mtu alikuwa ameisikia. "Mama Wekesa amepona!" Sufuria zikapigwa, vigelegele vikapaa, na Mama Rispa akasahau sheria za dresa akaja mbio mpaka mlangoni petu na mwiko wake. Akachungulia. Mama alikuwa amelala vilevile.

"We mtoto!" akanigeukia. "Umemdanganya baba yako, naye yuko juu ya moto anapanda mlima wa Sachangwan?"

Nikalia kama mwenye kupigwa. Kutoka chini ya mablanketi nikasikia sauti ya mikwaruzo, nikadhani anakohoa. Kumbe Mama anacheka.

"Mwacheni," akasema. "Nimeshatangazwa mpaka Kisumu. Nitafanya nini tena? Leteni huo uji."

Akaketi. Alikunywa nusu kikombe, huku landhi yote imesimama nje ikimhesabia mafunda. Baada ya siku mbili, saa nane, alijiburura mpaka uani, Wekesa upande huu na mimi upande ule, akapeperusha kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii Baba hakupiga firimbi. Alivua kofia, akaishikilia kifuani mpaka tukaacha kumwona.

Baba amestaafu sasa, na kila mgeni akifika husimuliwa jinsi siku ile ya furaha alivyopanda Sachangwan bila kuhisi uchovu. "Mama yenu alipona siku ile ile," husema. Na Mama huitikia, "Siku ile ile, Baba Wekesa," akitazama kikombe chake cha chai. Mpaka leo hatujamwambia.

Siku hizi treni ni za dizeli. Vijana wanapita landhi na suruali pana za kufagia barabara, redio begani, na ukiwafungia nyumbani Jumapili moja tu wanasema wanakufa. Mume wangu yuko kazini Nairobi. Juzi nimepata barua yake, kurasa tatu, kuhusu bei ya viatu na mpira wa miguu. Nimeisoma mara mbili nikitafuta kama yu mzima. Nimemshukuru Mungu kwa kurasa zote tatu, lakini moyoni natamani angepita tu hapo nje, aniulize kwa firimbi, nami nimjibu kwa kitambaa.