Mbio za Kupokezana na Mama Mkwe

Mke wangu husema mwanamume akipita arobaini hutafuta mke wa pili au baiskeli, na kwamba yeye anamshukuru Mungu kwa baiskeli. Niliinunua ya mtumba, nyepesi, yenye kiti chembamba cha kumwadhibu mtu, nikaanza kujifua kwa michezo mitatu kwa mpigo: unaogelea, unatoka majini unanyonga baiskeli, unashuka unakimbia, na katikati hakuna kupumzika. Majirani zetu pale Mafiga walidhani ni amri ya daktari. Nilipowaambia hapana, ni kupenda kwangu tu, walinionea huruma zaidi.

Ubaya wangu ni kununa. Sipigi mtu wala situkani, ila nikinuna nyumba nzima inajua, hata kuku. Nilikuwa na saa ya mkononi inayolia kila unapochelewa, na kila ilipolia mdomo wangu ulirefuka. Safari moja nilitamba kwamba nitanyonga mpaka Dumila na kurudi. Kwenda nilifika. Kurudi nilirudi juu ya lori la nyanya, baiskeli imelala kwenye matenga, na mimi nimenuna kiasi kwamba utingo aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninatoka msibani.

Mtu pekee aliyekubali kufanya mazoezi na mimi alikuwa binti yangu. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, hana la kufanya zaidi ya kusubiri matokeo, na majini alikuwa samaki. Alikubali kwa sharti. Alilisema akimenya chungwa, bila kunitazama.

"Baba, siku utakayonuna kwa ajili ya saa, mimi basi. Naacha, na usinibembeleze."

Nilijua hatanii, maana kwa msimamo amemrithi mama yake. Na mimi nilikuwa na sababu ya kumwogopa. Mwaka mpya ungemkuta shule ya bweni. Zile Jumamosi zilizobaki ndizo nilizokuwa nazo, na sikutaka kupoteza hata moja. Saa nikaivua.

Basi tukaanza kucheza. Kuogelea tuliogelea mtoni, kule juu kwenye vidimbwi vya mawe ambako maji ya Uluguru hukukata pumzi hata mchana wa jua kali. Atakayepiga kelele kwa baridi ndiye atakayebeba mabegi. Kukimbia ndiko kulikokuwa na kazi, kwa sababu njia ya kupanda mlimani ina wazee, na wazee hawapitwi hivi hivi. Hakuna mbio duniani zitakazokuruhusu kumpita bibi aliyejitwika ndizi bila shikamoo. Binti yangu akatunga sheria: shikamoo lazima itoke nzima, bila kuhema, na ukiulizwa habari za nyumbani ujibu zote. Atakayekatika sauti ananunua vitumbua. Nilinunua vitumbua vingi mno. Kuna mzee mmoja mwenye bustani ya kabichi aliyeshaelewa mchezo, akawa ananiuliza mpaka habari za shangazi zangu, makusudi kabisa.

Karibu na mwisho wa mwaka likatangazwa bonanza la familia pale mjini. Michezo ni ileile mitatu, lakini ya kupokezana: watu watatu wa nyumba moja, mmoja aogelee, mmoja anyonge, mmoja akimbie mlimani na kurudi, na kila anayemaliza ampe mwenzake kitambaa chekundu cha kufunga mkononi. Binti yangu aliruka. Yeye majini, mimi mbio, mama kwenye baiskeli.

Mama alisema hakuolewa ili apande baiskeli, na kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Turiani. Mwanamke wa hamsini na ushei, mwembamba, mwenye miguu ya mtu aliyenyonga baiskeli kwenda shamba la mpunga tangu ujana wake. Alikuwa ukumbini akichambua mchele, nami nilikuwa nje ya mlango, mahali pangu pa kawaida akiwapo. Akamwambia mjukuu wake:

"Mke mwenzangu, muulize baba yako kama hiyo baiskeli ina breki."

Hapo lazima nieleze. Mimi na mama mkwe tunapendana, lakini tunapendana kwa mbali. Nikimwamkia naangalia chini. Hatuli sinia moja. Hatupeani kitu mkono kwa mkono, hata chumvi: anayetoa anaweka chini, anasogea, na anayepokea ndipo anachukua. Kuonwa naye nimevaa bukta ni jambo la kuhama mji. Siku nilipokuwa narudi mazoezini nikakutana naye njia panda, nilijitosa kwenye mahindi ya jirani, na yeye kwa adabu yake akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba mpaka nilipomaliza kutambaa.

Sasa huyo ndiye wa kunikabidhi kitambaa, na mimi wa kukipokea nimevaa bukta.

Binti yangu hakuona tatizo. Angemaliza kuogelea, angempa bibi kitambaa, kisha angesubiri mwisho wa baiskeli, akipokee kwa bibi na kunipa mimi. Tulifanya mazoezi uani wiki nzima. Bibi anateremka kwenye baiskeli, mjukuu anadaka, mimi nyuma ya kona ya nyumba nimejifunga msuli juu ya bukta, nanyoosha mkono tu. Mke wangu alitutazama kutoka jikoni, akasema ameona watu wakipunga pepo kwa utaratibu mzuri zaidi.

Siku yenyewe binti yangu aliogelea nikasahau kupumua. Alitoka majini wa pili. Bibi akafunga kitambaa, akakaza kanga juu ya suruali yake, akaondoka bila kugeuka nyuma, na watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaenda kwenye kituo changu, na msuli wangu, nikimtafuta binti yangu. Nikamwona yuko nyuma ya kamba. Msimamizi amemzuia: aliyekwisha kucheza haruhusiwi kuingia tena uwanjani.

Nikajaribu kumweleza msimamizi. Alikuwa kijana mpole, mgeni wa huku, akaniambia, "Mzee, si anakupa tu kitambaa?"

Mama mkwe alitokea tukiwa wa tatu. Wa tatu. Nilikuwa naona kabisa migongo ya wale wawili wa mbele. Akashuka, akatafuta mjukuu, hakumwona, akaniona mimi. Akasimama. Nikampa mgongo, kama inavyopasa, nikasubiri aone adabu yangu na aharakishe.

Hakuharakisha. Nilisikia akiikung'uta kanga yake ya mabegani. Ardhi ilikuwa na unyevu, na kitu cha mkwe hakiwekwi matopeni. Nilisikia akiitandaza, akihamisha jiwe, akiitandaza upya. Miguu ikapita kando yangu, timu ya kwanza kutupita. Ikapita nyingine. Mwenye kipaza sauti akauliza timu ya Mafiga imepatwa na nini, na mzee mmoja katika umati akamjibu bila kuhitaji kipaza sauti, "Hawajapatwa na kitu. Huyo ni mkwewe." Watu wazima wote wakasema aah, wakatulia kusubiri pamoja na sisi. Ikapita timu ya tatu.

Hasira ilinipanda. Sitasema uongo, nilikuwa nataka ule ushindi kama mtoto anavyotaka pipi. Na kwa kuwa nilikuwa nimempa mama mkwe mgongo, uso wangu ulikuwa umeelekea kwenye kamba, na kwenye kamba alikuwa binti yangu, maji yanamchuruzika, ananitazama mdomo. Nilijua anatazama nini. Nilijaribu kuurudisha ndani, haukurudi.

Naye akanuna. Akatoa mdomo nje, akakunja paji la uso, akapandisha mabega, akaweka mkono mbele ya macho kama mtu anayesoma saa. Alikuwa mimi kabisa, mpaka pua. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikainama, na mama mkwe, ambaye hakuona kitu, akadhani nalia, akakiweka kitambaa juu ya kanga na kusogea kando haraka kwa huruma. Ndipo nikageuka, nikaokota kitambaa, nikaondoka na msuli wangu kiunoni, kwa sababu kuuvua pale kusingewezekana. Niliuvua kwenye kona ya kwanza. Mlimani nilihema, nikaamkia wazee, nikacheka peke yangu.

Nilifika wa mwisho. Waliokuwa wanakusanya kamba waliniachia nafasi nipite.

Binti yangu alinikuta nimekaa kwenye majani, akakaa, akaninyooshea chupa ya maji. Nilidhani ataniambia kuhusu ule mdomo. Nilikuwa nimeshaandaa utetezi: kwamba nilinuna kidogo tu, na kwa ajili ya mkwe, si kwa ajili ya saa. Akachezea nyasi.

"Baba," akasema, "nikirudi likizo ya Juni utakuwa una mbio sana. Hutataka tena kukimbia na mimi."

Nikamtazama. Miezi yote ile nilidhani anayeogopa kuachwa ni mimi peke yangu. Nikanywa maji ili nipate muda.

Nikamwambia sitaenda popote, nitamsubiri.

"Bila kununa?"

Nikamwambia kununa huenda nikanuna, lakini nitakuwepo.