Mama alikuwa amevimba maji, na bado wakamtundikia chupa ya pili (Sori, miaka ya tisini)

Wakuu, hamjambo humu.

Huwa nasoma tu, siandiki. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo nikikosea mnirekebishe. Lakini haya niliyaona na macho yangu.

Kwetu Sori siku hizo, mgonjwa ambaye hakutundikiwa drip alihesabiwa hajatibiwa. Watu wakija kukuona wanaangalia chupa kwanza, uso baadaye.

Mama yangu alikuwa amevimba miguu. Ukibonyeza, shimo linabaki. Halafu akaishiwa nguvu. Waya Siprosa, dada ya baba, akasema twende kliniki ya sokoni.

Daktari (tulimwita hivyo, cheti sikuona, labda alikuwa nacho) hakuinua hata leso aone miguu.

"Huyu amekauka. Anataka maji ya nguvu."

Chupa ikaenda kwenye msumari wa dirisha.

Nikamwambia, "Daktari, lakini miguu imevimba."

"Wewe ulisomea wapi?"

Nikarudia. Akacheka, na watu wa kwenye benchi wakacheka naye.

Chupa ilipofika katikati mama akaanza kuhema. "Nyathina, mwanangu, niinue, pumzi haishuki." Kifua kinachemka kama sufuria ya uji.

Waya akamwambia wifi yake, "Vumilia, yuora, hiyo ni dawa inapigana."

Yule bwana akaja, akaangalia, akatundika chupa ya pili.

Ya pili, wakuu. Kwa mtu anayezama.

Mimi na kaka yangu tulimbeba na pickup ya samaki mpaka hospitali Migori. Sister wa zamu alifunga ule mrija kabla hata ya kuuliza jina. Wakamkalisha wima, wakampa oksijeni na sindano ya kukojoa. Alikojoa beseni. Jioni akaomba uji.

Walitueleza moyo ulikuwa umechoka kusukuma, maji yakakosa pa kwenda, yakaingia kwenye mapafu. Nafikiri ndivyo walisema.

Sasa niwe fair. Kipindupindu kilipopita pale kwetu ufuoni mwa ziwa, huyo huyo wa sokoni alimwokoa mtoto wa jirani na drip hiyo hiyo. Yule mtoto alikuwa amekauka kweli. Kwa hivyo siwezi kumwita mtu mbaya. Kinachonikasirisha ni kwamba kwake aliyekauka na aliyevimba wote dawa yao ni chupa, na mgonjwa akilia pumzi, ongeza.

Tena akatangaza sokoni kwamba tulimtoa mama kabla dawa haijaisha. Watu wakamwamini.

Tuliporudi nyumbani, Waya akauliza, "Migori hawakukuwekea maji hata kidogo? Basi walikufukuza tu."

Mama akainua leso akamwonyesha miguu, imekonda, mishipa inaonekana.

"Yuora, maji yenu niliyaacha Migori kwenye beseni. Ukiyataka, panda gari ukachukue."

Nilichojifunza: mgonjwa wako akitundikiwa chupa, uliza hayo maji yanaenda kufanya nini. Wakicheka, uliza tena.

Mlio kwenye udaktari, nimeeleza sawa? Na wengine, kwenu bado wanaangalia chupa kabla ya uso?